Je, Wajua? Picha Zinaruhusiwa Kurudi, Ngoma Hairuhusiwi

Mwaka 2009 Bunge la Uingereza lilitunga sheria inayoruhusu makumbusho ya taifa kuwarudishia wenyewe kazi za sanaa zilizoporwa enzi za Wanazi, 1933 hadi 1945. Ni haki kabisa. Lakini ruhusa hiyo inaishia hapo.

Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, Kenya, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902. Tangu 1908 imo British Museum, ghalani, ilhali kwa Wapokomo ilikuwa ndiyo nguvu ya mfalme wao. Wazao wa ufalme huo wameiomba irudi. Sheria ya Uingereza ya 1963 inayazuia makumbusho hayo kutoa mali yake, isipokuwa kwa sababu chache mno. Wabunge walioweza kuilegeza kwa picha wailegeze na kwa Ngadji.