Acheni Kuniomba Orodha ya Nyimbo

Kila muhula unapoanza hapa Minneapolis na Saint Paul, ombi ni lile lile. Linaweza kutoka kwa mzazi wa Brooklyn Park ambaye watoto wake humjibu kwa Kiingereza, kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, au kwa Mlutheri anayejiandaa kwenda Iringa: "Mwalimu, nipe nyimbo na filamu za Kiswahili unazozipenda, niwe nasikiliza kwenye gari." Mwombaji ana nia njema, na mwombwaji hujiona ameheshimiwa, kwa hiyo orodha hutoka upesi: taarabu kidogo, bongo fleva tele, tamthilia mbili tatu, na kibao kimoja cha Mbaraka Mwinshehe ili ijulikane kwamba mtoaji si wa juzi. Miezi mitatu baadaye mwanafunzi ana viitikio kadhaa kichwani na hawezi kumwuliza mwenzake ameamkaje. Kasoro imo katika ombi lenyewe. Mwombaji anadhani lugha imekaa ndani ya kile tunachokipenda, na kwamba akishinda karibu nacho itamwingia. Haimwingii.

Tuanze na wale wanaosemekana kunasa lugha bila jasho, yaani watoto wachanga. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo lilipaswa kuwa limeufunga mjadala huu. Watoto wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza walisikilizishwa Kichina cha Mandarin kwa vikao 12 vya dakika 25 hivi kila kimoja. Kundi moja lilikaa na mtu hai, aliyewasomea vitabu na kucheza nao. Kundi jingine lilipewa lugha ile ile kwa televisheni. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakuwapita watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina. Muda ulilingana, na vitabu vilikuwa vile vile. Televisheni ilikosa mtu wa kumtazama mtoto usoni, kufuata macho yake yalikoelekea na kumngoja.

Utaniambia mtu mzima si mtoto wa miezi tisa. Kweli, na hali yake ni ngumu zaidi. Watafiti wa msamiati, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba ili mtu afuate maandishi au maongezi bila msaada, anahitaji kuyajua maneno kati ya 95 na 98 katika kila 100 anayokutana nayo. Sasa mpe anayeanza wimbo wa bongo fleva, wenye lugha ya mtaani inayobadilika kila msimu na kuimbwa kwa kasi ya ushindani. Au mpe taarabu, ambayo utamu wake wote uko kwenye mafumbo, hata aliyezaliwa Ng'ambo ya Zanzibar huulizia nani kasemwa. Hapo mwanafunzi anapata burudani, na burudani ni haki yake, lakini asiiite somo. Wanaomshauri aache simu iimbe usiku kucha wakati amelala, nao wamechelewa: mwaka 1956 watafiti Simon na Emmons waliwapima watu mawimbi ya ubongo, wakakuta kwamba waliokuwa wamelala kwelikweli hawakukumbuka walichosomewa. Suala hilo lina umri wa wazee, liacheni lipumzike.

Ushahidi mwingine uko mlangoni petu. Sinodi ya Kilutheri ya Eneo la Saint Paul ina ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na umepewa jina la Kiswahili kabisa: Bega kwa Bega. Kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani kilichotolewa mwaka 2006 na Augsburg Fortress ya hapa Minneapolis kina wimbo wa Pasaka wa Mtanzania Bernard Kyamanywa, "Mfurahini, Haleluya". Muumini anaweza kuushika kwa Kiswahili ubeti kwa ubeti, akauimba kwa moyo wote, kisha akafika Iringa akashindwa kusema kwamba begi lake limebaki kwenye basi. Imani yake haina upungufu, wala kumbukumbu yake. Ila alichokihifadhi ni kitu kizima, kama kufuli bila ufunguo, na hawezi kukifungua atoe kipande kimoja akitumie kwingine.

Wapenzi wa muziki nao wana hoja, na nzuri. Karen Ludke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwagawa watu wazima 60 katika makundi matatu, wajifunze vifungu vya Kihungari kwa dakika 15. Walioimba walikumbuka vizuri kuliko waliosema tu. Naukubali utafiti huo bila kinyongo. Lakini usomeni vizuri: watu wale walipewa vifungu vifupi pamoja na maana zake, wakavirudia kwa sauti, wakapimwa papo hapo. Hawakuwekewa muziki nyuma wakiwa wanaosha vyombo. Tena kilichopimwa ni kukumbuka kifungu kilekile, na mazungumzo hayakupi nafasi ya kifungu kilekile. Mtu husema "nimekichukua" leo, kesho ikabidi aseme "hatujaichukua", na wimbo haukumfundisha kubadilisha.

Hoja ya pili hutoka kwetu wenyewe: "Mbona sisi tulijua Kiingereza kwa sinema?" Hatukujua kwa sinema. Tulikuwa na miaka ya Kiingereza cha darasani, na sinema ikatunoa. Pale ambapo lugha ilikuwa haijulikani, watazamaji wa Afrika Mashariki walifanya jambo la busara sana: walitafuta mtu. Vibanda vya video vya Tanzania vilijaa kwa sababu ya Lufufu, na vya Kenya kwa sababu ya DJ Afro, watu waliosimama kati ya filamu na mtazamaji, wakaeleza, wakakejeli, wakaongeza chumvi. Filamu peke yake ingewafundisha watu lugha, wale wasingepata riziki.

Hoja ya mwisho ni methali: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sawa, ila kwenda kuna gharama. Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria wiki 36 za darasa, zaidi ya saa 800, kwa msemaji wa Kiingereza kukifikia Kiswahili cha kikazi. Mtu mwenye zamu mbili na theluji ya kuzoa barazani hana saa za kuchezea.

Basi vipenzi vyetu vina kazi gani? Kazi yao ni kuwa kitu cha kuzungumziwa. Chukua bao la kiswahili. Kuna safu nne za mashimo manane, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Mwalimu anapouliza, "Una pa kula, au unatakata?" (yaani unacheza bila kula), mwanafunzi hawezi kutabasamu na kuitikia kwa kichwa, kwa kuwa mchezo unamsubiri. Maneno ni machache, yanarudi kila zamu, na maana yake iko mbele ya macho. Mpenzi wa bao atafundisha mengi zaidi akicheza nusu saa kuliko akisifia bao kwa saa nzima.

Lakini kipenzi chenye faida kubwa zaidi ni cha mwanafunzi. Mtu wa Minnesota anayevua samaki kwa kutoboa barafu ya ziwa anajua mambo ambayo mwalimu wa Kigoma hajui. Serikali ya jimbo hushauri barafu mpya iwe na unene wa angalau inchi 4 kabla mtu hajaikanyaga. Mwache mwanafunzi aeleze hilo: "Ukitoboa ukakuta haifiki inchi nne, rudi." Sentensi hiyo fupi imebeba sharti, mfuatano, ukanushi na amri, na ameitunga mwenyewe. Mwalimu naye atauliza kwa dhati, kwa sababu hajui: unajuaje kwamba samaki wapo chini? Kibanda kinapashwa joto na nini? Swali la kweli humfanya mtu atafute neno. Swali la mtihani humfanya akisie jibu.

Kwa ufupi, kwa wenye haraka. Chagua kitu kimoja, si orodha. Kieleze kwa dakika mbili, kikiwa mezani au kwenye picha, kisha nyamaza. Uliza swali la kuchagua kati ya mambo mawili. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia. Akikosea, rudia sentensi yake ikiwa sahihi na muendelee. Juma lijalo rudi kwenye kitu hicho hicho. Mzazi, mwache mtoto akueleze mchezo wake wa hoki kwa Kiswahili kibovu, na umpigie shangazi Nakuru naye aelezwe. Ukitaka wimbo, chukua ubeti mmoja, uuvunjevunje na mtu. Huna mtu? Karmel Mall ya hapa Minneapolis ina Wasomali waliokulia Dadaab na Nairobi ambao Kiswahili chao hakijalala. Nunua chai, amkia, uliza. Ukikosa kabisa, jirekodi ukisimulia, umpelekee mwalimu akusahihishe. Usimpelekee ombi la orodha.