Kwaresima na Ramadhani kati ya wanachuo

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Hapa Namtumbo, ambako ukoo mmoja huweza kuwa na Wakristo na Waislamu, tulikuwa katika mazungumzo na wanachuo wa ufundi wa dini zote mbili. Kijana Mwislamu, anayesomea useremala, alituuliza kwa adabu: “Shikamoo Padri. Ninyi mnafungaje, na mchana mnakula?”

Jibu tulilijua. Sheria ya Kanisa huwataka waamini, tangu miaka 18 hadi watimize 59, wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa mlo mmoja kamili; Ijumaa za Kwaresima huacha nyama. Siku zilizobaki ni za sala, sadaka na toba ya hiari. Akauliza tena: “Na hiyo ya hiari, Padri, wewe umeacha nini?”

Tukanyamaza. Seminari ilitufundisha kueleza mfungo. Yeye aliuliza habari za tumbo letu.

Tamko Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, la tarehe 28 Oktoba 1965, linatambua kwamba Waislamu humwabudu Mungu hasa kwa sala, sadaka na kufunga. Tulizoea kulifundisha (twakiri kwa haya) kana kwamba ni hisani yetu kwao. Imani yetu haikuyumba. Mfungo wetu ndio uliobadilika. Tuliacha chakula cha mchana, na gharama yake tukamsaidia mwanachuo mhitaji. Kijana yule alipotukaribisha futari, tulifika tukiwa na njaa.