Je, Wajua? Mawe ya Namoratunga Yametangulia Jina Lao

Karibu na Lokori, Turkana Mashariki, kuna makaburi zaidi ya 100 yaliyozungushiwa mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima. Baadhi ya mabamba yamechorwa alama zinazofanana na chapa ambazo wafugaji huwachoma ng'ombe wao hadi leo. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Jina hilohilo linatumika pia kwa nguzo 19 huko Kalokol, zaidi ya kilomita 150 kaskazini, ambako wapita njia huweka vijiwe juu ya kila nguzo. Husimuliwa kwamba nguzo hizo zilikuwa wacheza ngoma waliokanywa wasimcheke mgeni wa ajabu. Wakacheka, wakageuka mawe. Msomaji wa Biblia atamkumbuka mara moja mke wa Lutu, ila kisa cha Maandiko kinachofafanua Namoratunga vizuri zaidi ni cha mji wa Ai.

Ai kwa Kiebrania ni magofu, au lundo la mawe. Kitabu cha Yoshua, sura ya 7 na ya 8, kinaeleza jinsi Waisraeli walivyoshindwa hapo, wakarudi na kuuteka mji kwa kuvizia, wakauacha lundo la daima. Kati ya 1933 na 1935 Judith Marquet-Krause alichimba et-Tell, mahali ambapo wataalamu wengi hupatambua kuwa ndipo Ai. Alikuta mji wenye kuta nene ulioangamia takriban 2400 KK, kisha pakabaki patupu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Enzi anayowekwa Yoshua hapakuwa na mji wa kuteka. Wapo wanaopinga wakisema kwamba Ai halisi ilikuwa kilima kingine cha jirani. Huenda, lakini pingamizi hilo haligusi jina: mji ulio hai, wenye mfalme na lango, haujiiti Magofu. Waliolitoa jina walikuta mawe yameanguka, wakauliza ni nani aliyeyaangusha.

Atakayesema kwamba majina hutunza matukio ya kweli hakosi kabisa. Ziwa la hapa Turkana liliitwa Rudolf mwaka 1888, msafiri Teleki alipolipa jina la mrithi wa kiti cha Austria, na tangu 1975 linaitwa Turkana. Hapo tuna mtoaji wa jina na mwaka wake. Majina ya kale hayaji na hati kama hiyo. Kisima cha Beer-sheba, katika Mwanzo sura ya 21, kinahusishwa na kiapo na pia na kondoo saba, kwa kuwa Kiebrania husikia vyote viwili katika neno moja. Sura ya 26 inampa Isaka kisa hichohicho baada ya baba yake Ibrahimu. Waandishi waliona tofauti hiyo wakaiacha. Sioni udanganyifu hapo: walihifadhi maelezo yote yaliyokuwa vinywani mwa watu.

Kuna lawama nzito zaidi, kwamba hoja hii, ya simulizi kuja baada ya mawe, inawavunjia wazee heshima. Nguzo za Kalokol zina umri wa kati ya miaka 4,000 na 5,000, na Waturkana walifika bondeni kutoka upande wa Karamoja katika karne chache tu zilizopita. Kwa hiyo simulizi yao haikumwona mjenzi. Hata hivyo waliotazama mawe wakasema kuna watu hapo, walisema kweli, maana wachimbaji walikuta mifupa ya watu Lokori na pia Kalokol. Wasomi, kwa upande wao, hawakujizuia kuyatungia mawe hayo kisa. Mwaka 1978 Lynch na Robbins walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo za Kalokol zilipangwa takriban 300 KK kufuata nyota za kalenda ya Waborana. Robert Soper alipopima upya mielekeo ya nguzo, dai hilo likayumba, na umri uliojulikana baadaye ukalidhoofisha zaidi. Simulizi ya wacheza ngoma imedumu kuliko ile ya nyota.

Walimu wa Lokori wanaofundisha Yoshua sura ya 8 wana kielelezo mlangoni pao. Wapelekeni wanafunzi wakaisikilize simulizi kwa mzee, kisha wayatazame mabamba na chapa zake, bila kung'oa hata jiwe moja.