Fahamu: Nani hukata shauri la ujenzi Butembo na Beni?

Mwananchi wa Butembo au Beni, miji ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, aliyezoea kutoa ushuru sokoni na nguvu zake katika salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, aonapo nyumba za kando ya barabara zimetiwa alama ya kubomolewa, ana haki ya kuuliza ni nani aliyekata shauri hilo. Kwa mujibu wa sheria ya Kongo ya 7 Oktoba 2008, tawala za mahali, miji hii ikiwamo, zinastahiki asilimia 40 ya mgawo wa mapato ya kitaifa unaolifikia jimbo, na baraza la mji ndilo lipasalo kujadili bajeti, meya akiwa mtekelezaji. Lakini baraza hilo, ambalo huchaguliwa na madiwani wa komuni, halipo: uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 uliishia katika makao makuu ya majimbo, ambayo Butembo na Beni si miongoni mwake, na tangu 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini imewekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa ajili ya vita, ambao wakuu wake huteuliwa, hawapigiwi kura. Vita, hapana shaka, vina siri zake; gharama ya mtaro wa barabara si mojawapo. Basi meya na abandike hadharani, sokoni na katika kila komuni, mapato, mikataba na ramani za miradi, kabla tingatinga halijawashwa.