Athari za Viowevu vya Kusuuzia Mfereji wa Mzizi kwa Dentini ya Jino

Katika tiba ya mfereji wa mzizi, vifaa vya chuma haviwezi kufikia kila pembe ya mfereji. Sehemu kubwa ya kuta zake hubaki bila kuguswa. Kazi ya kuua bakteria na kuyeyusha mabaki ya kiini kilichooza huachiwa kiowevu cha kusuuzia. Makala hii inajadili gharama ya kazi hiyo, kwa kuwa kiowevu hakitofautishi mabaki ya kiini na jino lenyewe.

Dentini, kwa uzani, ni takriban asilimia 70 madini na asilimia 20 mata ya kikaboni, hasa kolajeni. Kinachosalia ni maji. Uhusiano wa viwili hivyo ni mithili ya zege na nondo: madini huleta ugumu, kolajeni huzuia ufa usienee. Haipokloraiti ya sodiamu, ambayo hutumiwa kwa ukolezi wa kati ya asilimia 0.5 na 5.25, huishambulia kolajeni. Vipande vya dentini vilivyoloweshwa humo maabara hupungukiwa na uwezo wa kustahimili kupindwa, hasa ukolezi na muda vinapoongezeka. Ikumbukwe kwamba Henry Dakin, alipoandaa kiowevu hicho kwa majeraha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichagua asilimia 0.5 ili kuinusuru nyama iliyo hai.

EDTA ya asilimia 17 hufanya kinyume: huvuta kalisi na kuondoa utando wa chenga unaoachwa na vifaa. Dakika moja hutosha. Majaribio ya dakika kumi yalionyesha mmomonyoko mkubwa. Hapa ndipo mfuatano unapokuwa na uzito kuliko wengi wanavyodhani. Madini huikinga kolajeni dhidi ya haipokloraiti. EDTA ikishayaondoa, kolajeni huachwa wazi, na haipokloraiti ikirudishwa huila upesi na kupanua midomo ya vijimirija vya dentini.

Kwa mtazamo wetu, mwongozo wa tiba unaotaja ukolezi pekee, bila dakika wala mfuatano, haujamwongoza daktari. Hata ukolezi wenyewe hauaminiki pale chupa inapokaa kwenye joto na mwanga, maana haipokloraiti huchakaa. Asilimia iliyoandikwa kwenye lebo si lazima iwe ndiyo iliyomo ndani ya sindano.

Hata hivyo, kipande chembamba kilicholoweshwa maabara si jino lililomo kinywani. Jino lililotibiwa huvunjika zaidi kwa sababu ya dentini iliyokwisha kupotea kwa kuoza na kukatwa. Lakini palipobaki ukuta mwembamba, kama katika mizizi ya watoto ambayo haijakomaa, ndipo ukolezi mdogo na muda mfupi wa EDTA vinapostahili kuandikwa waziwazi katika mwongozo.