Keki inayobonyea Goma: vikundi vya WhatsApp vinavyosaidia wamama wapishi kulinda mtaji wao

Mayai, sukari, margarini na unga wa ngano vikishachanganywa, haviwezi kurudi sokoni. Kwa wamama na vijana wanaopika keki nyumbani Goma, Bukavu ao Butembo, keki moja iliyobonyea katikati inaweza kula faida ya siku nzima. Mara nyingine ni keki ya mteja ambaye amekwisha kutoa avansi kwa ajili ya harusi ao siku ya kuzaliwa, na wageni wanafika saa nane.

Ndiyo sababu vikundi vya WhatsApp vya wapishi wa nyumbani vimekuwa shule kwa wengi ambao hawana uwezo wa kulipa mafunzo ya mapishi. Mtu anatuma picha ya keki iliyokatwa katikati, anaeleza vipimo alivyotumia na aina ya jiko, kisha anangoja. Majibu mengi yanakuja kwa sauti. Hiyo inasaidia yule ambaye hasomi vizuri Kifaransa, na yule ambaye mikono yake imejaa unga.

Urefu wa nchi unabadilisha keki

Swali linalorudi mara nyingi ni hili: kwa nini keki iliyofuata maelezo ya video neno kwa neno inapanda haraka, kisha inaanguka?

Sababu moja iko hewani. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya usawa wa bahari, na Butembo inapita metre 1.700. Kwenye urefu wa Goma, mgandamizo wa hewa unapungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Gesi ndani ya keki inatanuka upesi, keki inapanda mbele ya kuiva, na katikati inakosa nguvu ya kujishikilia. Maji nayo yanachemka kwenye digrii karibu 95 pahali pa 100, na unyevu unatoka haraka.

Jambo hilo halipatikani Kivu peke yake. Denver, mji wa Marekani ulio kwenye metre 1.600 hivi, una shida ileile, na chuo kikuu cha Colorado State kimeandika miongozo ya kupika kwenye nchi za juu. Mashauri yake yanafanana na yale ambayo wapishi wengi wa Kivu wamejifunza kwa kuharibu unga: kupunguza kidogo poda ya kuumua na sukari, kuongeza vijiko vichache vya maji ao maziwa, na kuongeza moto kidogo. Pale maelezo yanapotaka vijiko vidogo viwili vya poda, kimoja na nusu kinaweza kutosha.

Kwa hiyo mpishi akiomba vipimo kikundini, ni vizuri aseme yuko mji gani. Uvira na Kalemie, kandokando ya ziwa Tanganyika, ziko chini ya metre 800 hivi. Vipimo vinavyotoa keki nzuri kule vinaweza kumwangusha mtu wa Butembo, bila mmoja wao kuwa mpishi mbaya.

Levire mbili, jina moja

Kosa lingine linatokana na lugha. Watu wengi wanasema "levire" tu, lakini ziko mbili. Ile ya mkate ni hamira, kitu chenye uhai, kinachotaka uvuguvugu na muda wa kungoja. Ile ya keki ni poda ya kemikali, ambayo inaanza kazi ikipata maji na moto. Anayetia ya mkate ndani ya keki na kuipeleka jikoni palepale atapata kitu kizito kama tofali. Katika vikundi vilivyopangwa vizuri, anayetuma maelezo anaombwa pia kutuma picha ya kipakiti.

Kisha kuna kikombe. Kikombe kimoja cha unga uliomwagwa polepole kina gramu karibu 120, lakini unga uleule ukishindiliwa unaweza kupita gramu 150. Vikombe vinne namna hiyo vinaongeza zaidi ya gramu 100 bila mpishi kujua. Mizani ndogo ya jikoni inarudisha bei yake haraka.

Tanuri ya mchanga

Si kila nyumba iko na tanuri ya umeme, na umeme wenyewe unakatika. Wengi wanapika juu ya mbabula: sufuria kubwa yenye mchanga chini, mawe madogo matatu, chombo cha keki juu yake, kifuniko, na makala kidogo juu ya kifuniko. Sufuria inapaswa kupata moto mbele ya keki kuingia. Makala yakizidi chini, keki inaungua tumboni na kubaki mbichi juu.

Onyo moja halipaswi kusahauliwa: mbabula haiingizwi katika chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, hata kazi ikiwa ya usiku. Gesi ya makala haina harufu, na inaua.

Pesa na uaminifu

Huko Goma, vikundi hivi vimepata uzito mwingine tangu mwisho wa Januari 2025, wakati M23 ilipouteka mji. Benki zilifungwa na noti zikawa adimu. Keki inayoagizwa kwa simu na kulipwa kwa simu imekuwa njia moja ya kutafuta chakula cha watoto. Wanachama wanaoaminiana wanaweza pia kuchanga, kununua mfuko mzima wa unga na kuugawanya, kwani unga wa rejareja unagharimu zaidi.

Lakini pesa inaleta pia wajanja. Mtu anatangaza mafunzo, anaonyesha picha nzuri zilizochukuliwa kwenye intaneti, anapokea malipo, kisha anapotea. Mbele ya kulipa, inafaa kuomba video fupi ya mwalimu mwenyewe akikata keki yake, na kuuliza waliojifunza kwake.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi wanaiona wakati wamekwisha kuchelewa. Simu ikiibiwa ao ikianguka ndani ya maji, vipimo vya miaka vinaweza kwenda nayo. Kaye moja ya shule inatosha: tarehe, vipimo, aina ya unga, muda wa moto, na matokeo. Wakati wa kujaribu, ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila keki. Akibadilisha vitatu pamoja, mpishi hatajua ni kipi kilichoiokoa.