Ushahidi na Lugha ya Mgonjwa: Tiba ya Matatizo ya Usemi Yatokanayo na Ubongo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya tiba inayofuata ushahidi katika matatizo ya mawasiliano yatokanayo na ubongo, na kuonyesha mchango ambao mwanaisimu wa Kiswahili anaweza kuutoa. Mfano wetu ni senta ya Mubi, wilayani Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini. Katika eneo hilo mtu huweza kusema Kinyanga, Kikano au Kilega nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani. Mtu huyo akipatwa na kiharusi, usemi wake ukaharibika, swali la kwanza ni hili: tutajuaje ni kipi alichokipoteza? Kosa katika jibu lina gharama kubwa. Asiyeweza kusema huhesabiwa upesi kuwa amepungukiwa na akili, na wengine wakaanza kumwamulia mambo ya shamba, mahari na urithi, ilhali akili yake ingali timamu.

2. Afasia na ushahidi wa tiba

Afasia ni kuharibika kwa lugha yenyewe kutokana na jeraha la ubongo. Mnamo 1861, mjini Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi lakini akaweza kutamka silabi moja tu. Mnamo 1874 Carl Wernicke alieleza hali iliyo kinyume: maneno yatiririka, lakini maana na ufahamu vimevurugika. Afasia itofautishwe na disathria, ambamo lugha ni nzima ila misuli ya usemi imelegea au kukakamaa.

Je, tiba ya usemi husaidia? Tiba inayofuata ushahidi, kama alivyoieleza David Sackett na wenzake mnamo 1996, haitosheki na mazoea ya mganga. Huunganisha mambo matatu: matokeo bora ya utafiti, ujuzi wa mtabibu, na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Kuhusu afasia baada ya kiharusi, mapitio yaliyochapishwa na Marian Brady na wenzake mnamo 2016 yalikusanya majaribio 57 yenye washiriki 3,002, yakaona kwamba tiba hiyo huboresha mawasiliano ya kila siku, kusoma, kuandika na kusema. Jaribio lililofanywa Ujerumani na kutangazwa mnamo 2017, lenye wagonjwa 156, lilionyesha kwamba majuma matatu ya mazoezi, yasiyopungua saa 10 kwa juma, huwafaa hata waliokwisha kukaa na afasia zaidi ya miezi sita. Kwa hiyo kusema kwamba muda umepita na hakuna la kufanya ni kukata tamaa bila hoja.

3. Kipimo na kawaida ya mahali

Hata hivyo, ushahidi huo umesimama juu ya vipimo, na vipimo vimesimama juu ya lugha. Kipimo mashuhuri cha kutaja majina, kilichotungwa Boston, kina picha 60, miongoni mwake nyumba ya barafu. Mzee wa Mubi akishindwa kuitaja, hatujajifunza lolote juu ya ubongo wake. Ni afadhali aonyeshwe kinu, jembe au mkungu wa ndizi.

Tatizo la sarufi ni la ndani zaidi. Mwingereza mwenye afasia mara nyingi huangusha viambishi, na kinachobaki bado ni neno. Katika Kiswahili, ukiondoa viambishi vya *kimeanguka*, mzizi unaobaki hausimami peke yake katika sentensi ya taarifa. Wataalamu walipochunguza Kiebrania, ambacho mizizi yake pia haitamkiki peke yake, waliona kwamba wagonjwa hubadilisha maumbo badala ya kuyaangusha. Yafaa basi kutazamia jambo kama hilo katika lugha za Kibantu: si *anguka* pekee, bali *kitabu imeanguka*.

Hapo ndipo mtego ulipo. Katika Kiswahili cha Kivu, watu wazima wa afya husema *kitabu yangu inaanguka* kila siku, kwa kuwa upatanisho wa ngeli umepunguzwa. Mpimaji mwenye kufuata sarufi sanifu atahesabu lahaja kuwa ugonjwa. Kinyume chake, atakayesamehe kila kosa kwa kisingizio cha lahaja atauacha ugonjwa upite. Njia ya kutoka ni moja: kumlinganisha mgonjwa na majirani zake walio wazima.

Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, unaonyesha thamani ya njia hiyo. Mnamo 2005 Julie Carter na wenzake walitangaza kwamba takriban asilimia 24 ya watoto waliopata malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa kudumu, ukiwamo wa lugha. Miongoni mwa watoto wa eneo hilohilo wasiougua hivyo, waliokuwa na upungufu walikuwa asilimia 10. Bila kundi hilo la pili, idadi ya kwanza isingekuwa na maana.

4. Lugha zaidi ya moja

Afasia haiziharibu lugha zote kwa kiasi kimoja daima. Michel Paradis, katika kipimo chake cha 1987, alisisitiza kwamba kila lugha ya mgonjwa ipimwe, na kwamba kipimo kisitafsiriwe tu bali kiundwe upya kwa kufuata muundo wa lugha husika. Anayepimwa kwa Kiswahili peke yake huenda akaonekana bubu, na Kinyanga chake kimesalia.

5. Hitimisho

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mnamo 2008, lakini Mubi i mbali na Kampala. Hata hivyo, kazi mbili haziwezi kungoja. Kwanza, wanafunzi wetu warekodi usemi wa watu wazima wa afya, kwa umri na lugha zao, ili tuwe na kawaida ya kulinganishia. Pili, jamaa za wagonjwa wafundishwe kusema kwa sentensi fupi, kuuliza maswali ya ndiyo na hapana, kutumia ishara, na kungoja jibu. Utafiti umethibitisha kwamba mafunzo ya namna hiyo huboresha mazungumzo. Mtabibu ataleta dawa. Lakini kumwambia ni usemi upi ulio mzima katika Walikale ni wajibu wa mwanaisimu.